Mkipanda Shimla, mtazameni anayebeba

Hotuba kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma India, mbele ya wazazi na walezi wao

Ndugu mwenyekiti, wazazi wetu, walezi, na ninyi wadogo zangu mnaosafiri mwezi ujao: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu wa safu ya mbele, shikamooni.

Waliotangulia kusema wamemaliza habari za viza, ada na bima, nami sitazirudia. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie maisha ya mwanafunzi nje ya darasa. Katika miaka minne niliyokaa Chandigarh, makao makuu ya jimbo la Punjab kaskazini mwa India, nimechagua siku nne tu, siku nne za likizo yangu ya kwanza ya majira ya baridi, kwa sababu ndizo zilizonikaa moyoni kuliko mitihani yote niliyofanya. Mnaona pale mezani nimetandaza nguo. Hizo nitazieleza mwishoni.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Mtu wa Lushoto ukimwambia habari za baridi hashtuki. Mwezi wa saba kwetu tunalala na mablanketi mawili, ukungu unashuka mpaka kizingitini, na mtoto anakwenda shule mikono ameificha ndani ya sweta. Nilipotua India mwezi wa nane nikakuta joto la Punjab linashinda la Dar es Salaam, nikaamini kwamba baridi nimeiacha nyumbani kwa mama.

Ikaingia Desemba. Jua likawa halionekani. Majira hayo tambarare yote ya kaskazini mwa India hufunikwa na ukungu mzito. Treni huchelewa kwa saa nyingi, ndege hushindwa kutua, na ndani ya nyumba hakuna moto. Hosteli yetu ilijengwa ili ikabiliane na joto: sakafu ya saruji, dari refu, madirisha mapana. Asubuhi ukishusha mguu kitandani ni kama umekanyaga bati. Wazazi, mnapomnunulia kijana sanduku msidanganyike na neno India. Weka sweta nzito.

Mwanzoni mwa Januari chuo kikafunga. Wenzetu Wahindi wakafungasha, wakaja kuaga, wakaenda makwao. Mpishi wa mesi naye akaenda kwao. Tulibaki wageni saba katika jengo la ghorofa nne. Tukapika ugali kwa unga wa njano, ule ambao Wapunjabi huokea mikate yao ya baridi, na ugali wake haushikani vizuri, unamomonyoka mkononi. Nawaambieni hili waziwazi wadogo zangu, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi: upweke wa likizo ya kwanza ni mzito kuliko upweke wa wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya, macho yana kazi. Likizo ikija, korido zinakuwa tupu, simu ya nyumbani inakatika katikati ya salamu, na mtu unaanza kulala mchana. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakianza kuporomoka katika wiki hizo tatu.

Aliyenitoa kitandani alikuwa mwenzangu wa Malawi, mtu wa Zomba. Naye alizaliwa chini ya mlima, katika mji ambao Waingereza waliufanya makao makuu ya Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Akasema, sisi wawili ni watu wa milima, tunafanya nini kwenye tambarare? Twende Shimla, mji wa juu milimani.

Kutoka Chandigarh mnapanda basi mpaka Kalka, mji mdogo chini kabisa ya vilima. Pale ndipo inapoanzia reli ndogo ya Shimla. Nimepanda treni zetu za reli ya kati, ambazo mataruma yake hubeba njia yenye upana wa mita moja. Hii ya Kalka ina upana wa milimita 762 tu. Mabehewa yake ni madogo, ukikaa dirishani goti lako linagusa goti la mwenzako. Ilifunguliwa Novemba 1903. Ina urefu wa kilomita 96 hivi, na katika mwendo huo inapanda kutoka mita 656 pale Kalka hadi mita 2,076 pale Shimla. Inapita mahandaki 102 na madaraja zaidi ya 800, na kona zake hazihesabiki. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia pamoja na reli nyingine za milima ya India.

Tuliondoka saa 6 mchana. Kwa muda wa saa nzima bado tulikuwa ndani ya ukungu. Halafu, baada ya handaki moja, nikaona jua. Sikuwa nimeliona kwa siku kumi na mbili. Behewa zima lilinyamaza, kisha bibi mmoja aliyekaa mbele yetu akafungua kikapu akaanza kugawa karanga za kukaanga na vipande vya kashata yao ya ufuta, kwa kila mtu, bila kuuliza jina. Ukungu ukabaki chini yetu kama bahari, vilele vimetokeza kama visiwa. Nilikaa nikiangalia mpaka shingo ikauma.

Katikati ya safari kuna kituo kinaitwa Barog. Treni husimama, watu hushuka kunywa chai, na mbele yake kuna handaki namba 33, refu kuliko yote, zaidi ya kilomita moja. Wenyeji watawasimulia kwamba Barog ni jina la mhandisi Mwingereza aliyeanza kulichimba kutoka pande mbili, na pande hizo hazikukutana. Akatozwa faini ya rupia moja, na kwa aibu akajiua. Wanasimulia pia kwamba aliyewaonyesha wahandisi pa kupitisha reli ni mtu wa milima asiye na elimu ya darasani, Baba Bhalku, aliyekuwa akitembea mbele yao akigonga mwamba kwa fimbo. Ni simulizi, nami naisimulia kama nilivyoipokea. Lakini jina la Bhalku leo limewekwa kwenye makumbusho ya reli pale Shimla.

Kwa sisi watu wa Afrika Mashariki kuna jambo hapa. Ujenzi wa reli hiyo ulianza miaka ileile ambayo reli ya Mombasa ilikuwa inakatiza nyika kwenda Ziwa Victoria. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa, wengi wao kutoka Punjab, chini tu ya vilima hivi. Wapo waliobaki na kufungua maduka, wapo waliozikwa njiani. Mimi nimekua nikinunua chumvi katika duka la mjukuu wa mtu wa namna hiyo, na nilikuwa sijawahi kuwaza baba wa babu yake alitoka wapi.

Tulifika saa 12 jioni, giza limeshaingia. Hapo ndipo safari yetu ilipoharibika.

Hatukuwa tumeweka nafasi popote. Tuliingia gesti ya kwanza, mtu wa mapokezi akatutazama, akasema vyumba vimejaa. Nyuma yetu ikaingia familia, ikapewa chumba tukiwa bado tunashuka ngazi. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu mwenyewe alitufungia mlango hatujamaliza hata salamu. Tulizunguka gesti sita. Mabomba ya barabarani yalikuwa yameanza kuota barafu, na mwenzangu wa Zomba alikuwa amevaa raba za kitambaa.

Nilikuja kuelewa baadaye sehemu moja ya jambo hilo, na ninyi muelewe kabla hamjaondoka. Sheria ya India inaitaka nyumba yoyote inayomlaza mgeni wa nchi nyingine imwandikishe kwa mamlaka ndani ya saa 24, kwa fomu maalumu. Gesti ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo, zinaona heri zikose mgeni. Kwa hiyo kabla ya safari piga simu, uliza kama wanapokea wageni wa nje, na uwe na nakala za pasipoti na kibali chako cha kuishi. Hiyo ni sehemu moja. Sehemu nyingine ni rangi ya ngozi zetu, na wazazi wangu sitawaficha. Ipo. Haipo kwa kila mtu, wala si kila siku, lakini usiku ule ilikuwepo, na mtoto wako aijue ili ikimfika asidhani kosa ni lake.

Tuliketi kwenye ngazi za mawe zinazoshuka kutoka barabara ya juu ya Mall Road kwenda soko la Lower Bazaar. Akapita mzee mmoja amevaa joho refu la sufi, kamba ameizungusha begani, anarudi kutoka kazini. Mimi kwa mazoea nikasema, asalaam aleikum. Akasimama. Wa aleikum salaam, mnatoka wapi? Nikamwambia kwa Kihindi changu cha miezi mitano: Tanzania, Afrika, tumekosa pa kulala. Hakujibu neno. Akachukua begi langu, akachukua la mwenzangu, yote mawili akayatupia mgongoni, akaanza kushuka.

Alikuwa hamali. Nalitumia neno hili kwa makusudi, maana wanalijua na wao kama sisi wa pwani na bara. Wenyeji wa Shimla humwita mtu wa namna hiyo Khan. Wengi wanatoka Kashmir. Kule kwao kuna siku 40 za baridi kali zinazoitwa Chillai Kalan, kuanzia tarehe 21 Desemba mpaka mwishoni mwa Januari. Mashamba yanalala, njia zinafungwa na theluji, kazi hakuna. Kwa hiyo wanaume wanashuka Shimla kubeba mizigo.

Chumba chao kilikuwa chini ya maduka ya soko, ukubwa wake kama nusu ya jukwaa hili, na walilala humo watu tisa. Tukawa kumi na mmoja. Hakuna aliyenuna. Walisogeza magodoro, wakatupatia blanketi lililokuwa zito kama mkeka uliolowa maji, na mmoja akaanza kupika chai. Chai yenyewe ni ya rangi ya waridi, inachemshwa muda mrefu na magadi kidogo, halafu inatiwa maziwa na chumvi. Chumvi, ndugu zangu, hakuna sukari. Ya kwanza niliinywa kwa heshima. Ya tatu niliiomba mwenyewe.

Naomba niwaonyeshe kitu kimoja kwa mikono, maana sikileti hapa. Kila mmoja wao chini ya joho lake alikuwa na chungu kidogo cha udongo, ukubwa wa bakuli la uji, kimezungushiwa kikapu cha fito chenye mpini. Ndani yake makaa, juu yake jivu. Wanakiita kangri. Mtu anakikumbatia hivi, tumboni, mkono mmoja ameutoa kwenye mkono wa joho na kuuingiza ndani, na mkono huo wa joho unaning'inia mtupu. Ukimwona kwa mbali unadhani ana mkono mmoja. Mzee alinipa chake nikishike. Joto lilianzia kwenye vidole likapanda mpaka kwenye viwiko, na hapo ndipo nilipogundua kwamba vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi tangu Barog.

Kabla ya kulala mzee yuleyule alikusanya vyungu vyote, akavitoa nje, akafungua dirisha upana wa kiganja, akaliwekea jiwe lisifunge. Mwenzangu akalalamika, baridi inaingia. Mzee akasema: makaa ndani, dirisha limefungwa, asubuhi hakuna anayeamka. Kila mwaka katika miji ya milima, na huko kwenye tambarare pia, kuna watu wanalala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, na hewa yake yenye sumu, isiyo na harufu wala rangi, inawaua usingizini. Hita za maji za gesi katika bafu lisilo na tundu la hewa zinaua vilevile. Katika yote niliyosema, wazazi, hili mlirudie kwa watoto wenu uwanja wa ndege.

Usiku tulizungumza. Kihindi changu kilikuwa kidogo lakini kila nilipokwama neno la Kiswahili liliniokoa. Dunia, duniya. Habari, khabar. Kitabu, wakati, hewa, safari, duka, chapati, chai yenyewe. Mzee alikuwa akicheka kila neno likikutana na lake, akawaamsha wenzake wasikie.

Alfajiri kukawa na ukimya nisiouelewa. Mji wa milimani huwa na kelele, mbwa, mabasi, kengele za mahekalu. Siku ile hakuna kitu. Nikatoka nje kutia udhu. Juu ya paa la jirani kulikuwa na mtoto wa miaka mitano au sita, kofia imemfunika mpaka macho, anaruka na kupiga kelele: Baraf! Baraf! Baraf!

Nilimwelewa. Hakuna aliyenitafsiria. Ni neno letu. Limevuka bahari na wafanyabiashara wa Uajemi na India, likafika kwetu likawa barafu. Kwetu Lushoto barafu ni juisi ya ubuyu iliyogandishwa kwenye kifuko cha nailoni, shilingi mia, unaing'ata ncha. Na hapa mtoto anaita neno lilelile kwa kitu kinachoanguka kutoka mbinguni. Nilinyoosha mkono. Chembe ya kwanza ilitua kwenye kucha ya kidole gumba, nikaiona ina miguu sita, kisha ikawa tone. Nikaita mwenzangu. Tulisimama pale mpaka mabega yakawa meupe, na mwenzangu alikuwa analia, sioni aibu kusema na mimi pia.

Saa 2 asubuhi hamali wakatoka kwenda kazini. Hapa nataka mnisikilize.

Siku ya theluji ni siku ya picha kwa mtalii. Kwa mji ni siku ya kazi ngumu kuliko zote. Magari yanakwama, mabomba yanaganda, na kila kitu kinachohitajika juu, gesi, unga, magodoro ya hoteli, kinapanda kwa mgongo wa mtu. Nilimwomba mzee nimfuate. Alivaa soksi kuukuu juu ya viatu vyake, akanipa nami jozi: sufi inashika barafu, soli inateleza. Akabeba mitungi miwili ya gesi iliyojaa. Mtungi mmoja wa nyumbani kule ni gesi kilo 14.2, na ukijumlisha na chuma chake unakaribia kilo 30. Miwili. Kamba imepita kifuani, mgongo umeinama, macho yako kwenye ngazi. Kule Kilimanjaro wagumu wetu, wapagazi wa mlimani, wamewekewa ukomo wa kilo 20, na tunajua ni vita gani kuusimamia. Mzee yule nilimhesabia ngazi 340 kutoka barabara ya magari mpaka Mall Road, akipumzika mara tatu kwa kuegemeza mitungi kwenye ukuta bila kuitua. Mita chache kutoka kwetu watu walikuwa wakirushiana theluji na kucheka. Hakuna aliyempisha.

Mji ule ulijengwa hivyo tangu mwanzo. Waingereza waliuingia baada ya vita vyao na Wagurkha wa Nepal vya 1814 mpaka 1816. Mwaka 1864 wakaufanya makao makuu ya serikali wakati wa kiangazi. Kila mwaka ofisi nzima ikahama kutoka Calcutta, zaidi ya kilomita 1,500, ili wakubwa wakwepe joto. Kabla ya 1903 hapakuwa na reli. Mafaili, meza, piano, vyote vilipanda kwa wanyama na kwa watu. Mle mjini ni wakubwa watatu tu walioruhusiwa kutumia gari la farasi: mtawala mkuu wa India, mkuu wa majeshi na gavana wa Punjab. Wengine wote walipanda riksho, na riksho ya mlimani ilihitaji wanaume wanne wa kuivuta na kuisukuma. Gandhi alipofika mwaka 1921 alilalamika kwamba serikali imejiweka ghorofa ya 500, mwananchi hawezi kuifikia.

Kulikuwa pia na kazi ya kulazimishwa iliyoitwa begar. Mwanakijiji alitolewa shambani kwake akabebe mzigo wa ofisa anayepita, apende asipende. Aliyepigana nayo kwa nguvu katika vilima vile alikuwa Mmarekani, Samuel Stokes, aliyefika India mwaka 1904 akiwa kijana, akahamia Kotgarh, katika vilima hivyo, akaoa mwanamke wa huko na hatimaye akafuata dini yao na kubadili jina. Mwaka 1921 alifungwa na Waingereza kwa siasa zake. Huyohuyo ndiye aliyeleta miche ya matufaha mekundu kutoka Marekani mwaka 1916. Sisi tunaopanda plamu na pea Lushoto tutamwelewa: mtufaha wa aina ile hauzai bila usingizi wa baridi, unahitaji kama saa 1,000 au zaidi za hewa iliyo chini ya nyuzi 7 ndipo macho yake yafunguke vizuri. Ndiyo maana wakulima wa kule huiita theluji mbolea nyeupe. Wanapoona Januari inapita kavu hawalali. Mtalii anasikitika amekosa picha, mkulima amekosa ada ya watoto.

Siku mbili zilizobaki tulitembea. Kanisa la Christ Church, lililokamilika mwaka 1857, rangi yake ya manjano hafifu katikati ya weupe wote ule. Mwenzangu aliingia akasali muda mrefu, nami nikamsubiri kwenye benchi la nyuma. Mlima Jakhu na sanamu ya Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye sura ya nyani, yenye urefu wa futi 108 inayochungulia juu ya mierezi. Nyani wa pale wanapora miwani, vueni kabla hamjafika. Jumba la mtawala mkuu, lililomalizika 1888, ambamo mwaka 1945 viongozi wa India walikutana na Waingereza wakashindwana. Tangu 1965 ni taasisi ya utafiti, na kwenye vyumba vile vya dansi leo watu wanasoma vitabu. Kwa maoni yangu hakuna matumizi bora zaidi ambayo jumba la namna ile lingepata.

Jioni ya mwisho mzee alitupeleka uwanja wa Ridge, ulio juu ya mgongo wa mlima. Mimi nilikuwa nasomea uhandisi wa maji, na aliposikia hivyo akanivuta mkono mpaka katikati ya uwanja. Akaonyesha kushoto: theluji ya upande huu ikiyeyuka inakwenda mto Yamuna, kisha Ganga, kisha Ghuba ya Bengal. Akaonyesha kulia: hii inakwenda mto Sutlej, kisha Indus, kisha Bahari ya Uarabuni. Nilikwenda kulithibitisha maktabani, na ndivyo ilivyo. Mgongo ule unagawa maji kati ya bahari mbili. Chini ya miguu yetu, ndani ya uwanja, kuna tangi la maji la mji tangu enzi za Waingereza. Na bado mwaka 2018, nilisoma nikiwa nimesharudi nyumbani, mabomba ya Shimla yalikauka kwa siku kadhaa mwezi wa tano, mpaka wakazi wakawaomba watalii wasije. Mji unaogawa maji kwa bahari mbili uliishiwa ya kunywa. Wale mnaokwenda kusomea maji, kuna kazi pale.

Mzee akaniuliza, kwenu ni upande gani? Nikaonyesha kulia. Nikamweleza kwamba mwezi huohuo wa Januari, upepo unaotoka upande wao unavuma kwetu, tunauita kaskazi, na kwa karne nyingi ndio ulioshusha majahazi mpaka Mombasa, Zanzibar na Kilwa. Alifikiri kidogo. Akasema, basi na hamali wa kwenu ndio waliopakua.

Tulipoondoka nilijaribu kumpa pesa za kulala. Alizirudisha mara mbili. Mara ya tatu alichukua rupia kumi, akanunua karanga, akatutilia mifukoni. Kisha akavua joho lake, lile alilokuwa amelivaa, akanivisha mimi, akabaki na sweta. Nilikataa. Akasema ana jingine. Mpaka leo sijui kama alikuwa nalo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na amenivumilia. Maswali nitayapokea pale mlangoni, hata ya wazazi. Nguo zilizopo mezani ni za kuchukua: makoti mawili, sweta nne za sufi, glavu, na soksi nene jozi kumi na mbili ambazo mke wangu amezisuka. Anayekwenda Punjab, Delhi au Dehradun aanze kuchagua. Wa Bangalore na Pune mwaache, huko baridi si kali kiasi hicho. Lile joho la kahawia lililo pembeni silitoi. Lakini mnaruhusiwa kulishika, na mkiinua mkono wake wa kushoto mtaona kwa ndani kitambaa kimeungua kidogo, duara la ukubwa wa sarafu, pale kangri ilipokuwa ikikaa.